Kliniki ya meno Busia: nilikwenda kung'oa, nikarudi na jino langu

Mimi nauza chai. Kibanda changu kiko upande wa Uganda, hatua chache kutoka kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka, na madereva wananiita Mama Chai, hata wale ambao hawajawahi kuninunulia kikombe. Naanza na hilo kwa sababu daktari wa meno naye alianzia hapohapo. Kabla hajaniambia nifungue kinywa aliniuliza, "Mama, unafanya kazi gani?" Nikadhani anapima kama nitaweza kulipa.

Kliniki iko ghorofani, juu ya duka la nafaka, katikati ya mji. Jina silitaji, maana nina manung'uniko yangu nao na mji wetu ni mdogo. Ina vyumba viwili, kiti kimoja cha kulalia, benchi la mbao kwa wanaosubiri, na dirisha linalotazama barabara, kwa hiyo unang'olewa jino huku unasikia makanga wakigombania abiria. Sakafu ni safi. Vyombo vinatoka kwenye chungu cha mvuke vikiwa vimefungwa, na daktari anafungua pakiti mbele ya macho yako. Hilo nililitazama kwa makini kuliko kitu kingine chochote, na nina sababu.

Miaka sita iliyopita gego langu la chini upande wa kulia lilinitesa mpaka nikaenda kwa fundi wa meno nyuma ya soko. Shilingi 5,000. Ganzi hana. Alinipa kifuniko cha waragi nisukutue, mimi Mnubi wa Bombo, binti wa Kiislamu! Nikakitema chini. Koleo aliifuta kwa kitambaa kilekile alichomfutia aliyenitangulia, akavuta, jino likakatika, akaniambia kazi imekwisha. Mizizi miwili ikabaki ndani ya ufizi. Tangu siku hiyo, kila baada ya miezi mitatu au minne shavu linavimba kama nimeficha andazi, nami nakwenda duka la dawa kununua vile vidonge vya rangi mbili, vinne tu, kwa sababu hela ya vinne ndiyo niliyo nayo. Uvimbe unatulia. Halafu unarudi.

Huku nyuma jino la pili, la kushoto, nalo likaanza. Lilitoboka. Nikinywa maji ya baridi, mshtuko. Nikionja chai, mshtuko. Nikawa natafuna kwa meno ya mbele kama sungura.

Nilianza na serikali, nisije nikaambiwa nakimbilia mambo ya matajiri. Malipo kwenye vituo vya serikali yaliondolewa mwaka 2001, na ni jambo jema, limeokoa wengi. Lakini kituo nilichokwenda waliniambia dawa ya ganzi imekwisha, nirudi Jumatatu. Nikarudi Jumatatu. Nikarudi Jumatatu ya pili, na ya tatu. Muuguzi mwenyewe alikuwa mpole, akanionea huruma, akaniambia kama naweza kuvumilia wataling'oa hivihivi. Bure ya namna hiyo ni bure kweli. Nikapanda bodaboda (na ujue bodaboda zenyewe zilizaliwa hapahapa Busia, tusisahaulike) nikaenda ghorofani nikiwa na shilingi 60,000 mkononi na nia moja: ng'oa yote mawili, nirudi kwenye masufuria yangu.

Daktari ni binti wa kama miaka thelathini. Kiswahili chake ni cha Malaba, cha haraka, kimechanganyika na Kiteso kidogo. Aliniita mama, mimi nikamwita daktari, na baadaye, alipoanza kunigombeza, nikamwita mwanangu ili apunguze.

Akaligonga lile jino la kushoto kwa kijiti cha chuma. Akaligusisha pamba yenye baridi. Kisha maswali. Maumivu yakishika, yanakaa muda gani? Nikasema yanapita mara tu baridi ikiondoka. Yanakuamsha usiku? Hapana. Yanakuja yenyewe tu bila kula kitu? Hapana. "Basi hili bado," akasema. "Limetoboka, lakini uozo haujafika kwenye kiini. Hili halitoki leo."

Nikasema moyoni, huyu ananiuzia. Kung'oa kwake ni 30,000, kuziba ni 50,000. Hesabu ya sokoni naijua. Nikamwambia wazi, mwanangu, mimi nataka kung'oa. Hakukasirika. Alichukua kioo akanionyesha upande wa kulia, pale fundi alipopita. Jino la nyuma limeinamia kwenye pengo kama mlevi anayetafuta ukuta, na la juu linashuka kwa kuwa halina mwenzake wa kugongana naye. "Upande huu mama hutafuni tena. Nikitoa na wa kushoto, nyama utaila kwa macho." Nikanyamaza.

Alipokuwa anatayarisha mashine ya kutobolea, umeme ukakatika.

Nikaanza kushuka kwenye kiti. Jenereta wanayo, lakini siku hiyo petroli haikuwepo (hili nimeliandika kwenye manung'uniko, subiri). Nikajua nimeambiwa rudi Jumatatu kwa mara ya nne. Binti akanirudisha. Akamwita msaidizi ashike tochi, akachukua chombo chenye kijiko kidogo sana nchani, kidogo kuliko cha kutolea nta sikioni, akaanza kukwangua uozo kwa mkono. Hakunichoma hata sindano. Alikwangua, akapuliza, akakausha kwa pamba, akakwangua tena. Ule uozo ulikuwa laini kama jibini, wa rangi ya kahawa. Maumivu? Kidogo, mara mbili hivi, aliposogea chini. Kisha akakoroga unga na majimaji kwenye kipande cha karatasi mpaka vikawa uji mzito, akajaza tundu, akakandamiza kwa kidole chake chenye glavu, akaniambia niume. Dakika kama ishirini na tano, tochi ya simu, hakuna mlio wa mashine.

Nikamuuliza kama hiyo ndiyo dawa ya maskini. Akacheka. Akasema njia hiyo ilianzia kwa jirani zetu, Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, kwenye chuo cha madaktari wa meno Dar es Salaam, kwa sababu ileile: wagonjwa wengi, umeme hakuna, na kila jino linaishia kwenye koleo. Leo inafundishwa duniani kote. Ule uji unaitwa glasi ionoma, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floridi. Uzuri wake mwingine ni kwamba wenyewe unatoa floridi kidogo kidogo pembeni mwa jino. Sasa hivi ni mwezi wa saba tangu siku hiyo na ule ujazo upo. Naupitishia ulimi kila siku kuhakikisha.

Hapo ndipo aliporudi kwenye kazi yangu.

"Kwa siku unaonja chai mara ngapi?" Sijawahi kuhesabu. Tukahesabu pamoja. Sufuria ya kwanza saa kumi na moja alfajiri, ya mwisho saa mbili usiku, na kila sufuria naionja, na kila dereva akisema haijakolea naionja tena. Mara kumi na mbili, kumi na tano. Akanieleza kwamba vijidudu vya kinywani vinakula sukari na kutoa asidi, na asidi ndiyo inayolainisha jino. Mate yanaisafisha, lakini yanahitaji kama nusu saa. Ukionja tena kabla ya nusu saa kuisha, mate yanaanza upya. Kwa hiyo meno yangu yalikuwa yamelowa asidi tangu alfajiri mpaka usiku, na kisa si wingi wa sukari peke yake. Ni zile mara kumi na tano. Mtu anayekunywa kikombe kitamu kimoja na chakula, akamaliza, meno yake yana nafuu kuliko mimi ninayeonja kijiko kimoja kimoja siku nzima.

Mimi niliamini wadudu. Nyumbani Bombo tulifundishwa kuna mdudu anayeingia jinoni, na mganga anaweza kumvuta kwa moshi. Lakini nilimwambia daktari jambo moja lililomfanya aweke kalamu chini. Mama yangu alizikwa na meno yake yote. Alipiga mswaki kwa kijiti, ule mswaki wenyewe wa mti, asubuhi na kabla ya kila swala. Na mimi mtoto wa miaka ya Amin nakumbuka kwamba sukari ilikuwa inatafutwa kama dawa; tulikunywa chai kavu, na aliyepata kilo moja aliifungia sandukuni. Daktari akasema mambo kama hayo yaliwahi kuonekana wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Norway na Japani: sukari ilipoadimika, meno ya watoto yalioza kidogo. Kijiti cha mama hakukidharau. Aliniambia niendelee nacho nikitaka, ila niongeze dawa yenye floridi, nitazame kwenye boksi namba kati ya 1,000 na 1,500, nipige mswaki asubuhi na kabla ya kulala, na nikimaliza niteme bila kusukutua kwa maji. Hilo la kutosukutua bado linanishinda. Ule unga mweusi wa mkaa niliouziwa ndani ya basi, "unang'arisha kwa siku tatu", aliniambia niutupe, unakwangua jino. Niliutupa. Kikopo nimewekea pini.

Ukutani pale kuna karatasi ya Shirika la Afya Duniani inayosema watu bilioni 3.5 wana ugonjwa wa kinywa, karibu nusu ya wanadamu wote, na kwamba watatu kati ya kila wanne wao wanaishi katika nchi za kipato cha kati. Niliisoma mara mbili. Miaka sita nilikuwa nacheka nimeziba mdomo kwa leso nikidhani aibu ni yangu peke yangu.

Lakini picha iliyonikalisha ni nyingine. Ni picha ya ufizi wa mtoto mchanga, na chini yake maneno ya Kiingereza na Kiluganda kuhusu ebiino, yale yanayoitwa meno ya uongo. Anayetoka Uganda anajua. Mtoto akiharisha na kupata homa, jirani anamfungua kinywa, anaona vivimbe vyeupe pale chonge zinapotarajiwa, anasema hayo ndiyo yanayomuua, mpeleke yakatolewe. Yanatolewa kwa spoku ya baiskeli. Mimi nilimpeleka mwanangu wa kwanza, mikono yangu mwenyewe ikamshika kichwa. Alipona kuharisha, nikasema dawa imefanya kazi. Daktari alinieleza bila kunitazama usoni, nadhani kwa heshima, kwamba vile vivimbe ni vichipukizi vya chonge ambavyo kila mtoto anavyo, kwamba kuharisha kunatibiwa kwa maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki, na kwamba watoto wengine wanapata pepopunda au sumu ya damu kutokana na ile spoku. Mwanangu ana miaka 34. Chonge moja ya chini haikuota kabisa, ya pili imeota kimshazari. Siku zote nilimwambia alizaliwa hivyo.

Ile picha ingekuwa na maneno ya Kiswahili pia ingewafaa wengi. Hilo ni nung'uniko la kwanza. Tuko mpakani. Benchi lile nimelikaa na dereva wa Mombasa, mama Mkongo aliyekuja kufuata vitenge, na askari wa Karamoja, na sote tulikuwa tunaelewana kwa Kiswahili. Lakini karatasi ya kutia sahihi kabla ya kung'olewa ni ya Kiingereza tupu. Kiswahili kimo ndani ya katiba yetu kama lugha rasmi ya pili tangu 2005. Basi na kwenye karatasi ya jino kingie. Nilitia sahihi nilichosomewa.

Nung'uniko la pili ni muda. Siku ya pili, ya kutoa ile mizizi, niliambiwa saa tatu asubuhi. Daktari aliingia saa sita kasorobo. Ana zamu sehemu nyingine, naelewa, wa aina yake ni wachache na kila mtu anamvuta. Lakini mwenye kibanda akifunga saa tatu amepoteza chai ya wanaotoka kulala kwenye malori, na hakuna aliyenipigia simu. Msichana wa mapokezi aliniambia "pole mama" mara nne. Pole hainunui maziwa.

La tatu, bei hazijabandikwa. Ni lazima uulize, na wengi wanaona haya kuuliza. Mimi nazibandika hapa: kuangaliwa 10,000, kuziba 50,000, kutoa mizizi 40,000, kusafisha ukoga 70,000. Jumla yangu 170,000, ambazo nililipa kwa mafungu matatu, na walikubali bila kunikunjia uso. Kwa kibanda changu hizo ni vikombe 170, kabla hujatoa maziwa, sukari na mkaa. Kama ningekwenda tundu lilipokuwa dogo, ningelipa 60,000 tu. Na kama miaka sita iliyopita ningepata mtu wa kuniziba badala ya kuning'oa, mizizi isingekuwepo ya kutolewa. Hayo nimeyahesabu usiku, na yanauma kuliko jino.

La nne, petroli ya jenereta. Wanunue.

Kutoa mizizi kwenyewe hakukuwa na hadithi. Sindano ya ganzi, mdomo ukawa mzito kama wa mtu mwingine, nikasikia kusukumwa, basi. Aliniwekea pamba ning'ate, akaniambia nisisukutue siku hiyo nisije nikaliondoa donge la damu. Vile vidonge vya rangi mbili alivigombeza sana: kununua vinne vinne kunawalaza vijidudu tu, wakiamka wamejifunza, na chanzo bado kimekaa ufizini. Akanishauri pia nikapime Ukimwi na homa ya ini kwa ajili ya ile koleo ya nyuma ya soko. Nilipima. Niko salama. Usiku wa kusubiri majibu sikulala, na yule fundi bado yupo palepale, ana wateja. Simlaumu sana kama ninavyoilaumu ile "rudi Jumatatu".

Alipokuwa ananisafisha ukoga aliniuliza habari ya sukari ya damu, maana ufizi wangu ulikuwa unatoka damu kila nikipiga mswaki. Alisema kisukari na ugonjwa wa ufizi vinashikana mikono, kila kimoja kinamchochea mwenzake. Sina kisukari, lakini dada yangu anacho na meno yake yanacheza, na mpaka siku hiyo hakuna aliyewahi kutuunganishia mambo hayo mawili. Nimempeleka.

Kibandani nimebadilisha kitu kimoja. Sukari haiingii tena kwenye sufuria. Naonja majani na maziwa tu, na kopo la sukari liko mezani, kila mtu ajitilie. Wiki ya kwanza kulikuwa na kelele. Dereva mmoja wa Eldoret alisema nimekuwa bahili, akajitilia vijiko vitano mbele yangu akinitazama. Nikamwambia vijiko ambavyo daktari wangu anasema vinatosha kwa siku nzima ni kama sita, wewe umebakiza kimoja. Alicheka, akaongeza. Lakini wengine wanatia viwili wanaondoka, na kilo tano nilizokuwa natumia kwa siku zimekuwa nne na kidogo. Mahesabu ya akiba hiyo naomba msiyafikishe kwa daktari, atadai asilimia.

Nawapa nyota nne. Ya tano wataipata siku daktari atakapofika saa tatu. Ukienda, nenda na hela taslimu au kwenye simu, uliza bei mwanzoni, na kama jino halikuamshi usiku usikubali mtu yeyote alitoe kabla hajaligusa kwa baridi. Pandia ngazi za nyuma. Za mbele zimejaa magunia ya mahindi.